Matapishi Yaliyotembea Ukweni

Jambo hili nimelificha miaka mingi kwa aibu, ila nyinyi ni wenzangu, acha niseme. Ilikuwa enzi za vijiji vya ujamaa, mimi mwalimu kijana wa sayansi pale Kilosa, nimeposa kwa Mzee Salehe wa Magole, naye kabla ya kujibu posa alitaka nikalale kwake siku moja anitazame, maana alisikia walimu ni walevi (mimi pombe sijaionja mpaka leo).

Nikapanda baiskeli, na nilipofika Rudewa nikaona kwenye kipande cha gogo bovu kitu cha njano, laini kama uji, ambacho si mmea, si mnyama, wala si uyoga hasa, nacho hutambaa polepole mno kikila vijidudu vya kwenye mti unaooza. Kutambua ni aina gani yakupasa ungoje kikauke utazame unga wake, basi mimi mjinga nikakifunga kwenye gunia na gogo lake, nikalisukumia chini ya kitanda cha ugenini.

Alfajiri mjomba wa binti alikuja kuniamsha tukasali. Akasimama mlangoni. Ile njano ilikuwa imetoka guniani, imetandaa sakafuni usawa wa kichwa changu.

"Shemeji, njoo umwone mkweo," akaita. "Katapika pombe."

Mzee akaja. "Shikamoo baba," nikasema, "hayo si matapishi, ni kiumbe, kimetembea chenyewe."

"Marahaba. Kumbe yanatembea," akajibu taratibu. "Basi huyu alikunywa gongo."

Kila nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuonekana sijalevuka, na majirani waliokuwa wakienda shamba la kijiji wakajaa mlangoni na majembe yao, na Zuhura, binti mwenyewe, kajifunika uso kwa kanga. Nikaomba kipande cha mkaa, nikachora mstari mbele ya ile njano, nikawasihi wavute subira kama ninavyowasihi wanafunzi. Mzee akaleta kigoda, akakaa.

Kufika adhuhuri ilikuwa imevuka mstari kwa upana wa kidole.

"Hukulewa, mwanangu," mzee akasema. "Lakini mlevi hulala akazinduka. Wewe utakuwa hivi siku zote?"

"Ndiyo, baba," nikakiri.

Zuhura akacheka ndani ya kanga, na baba yake akamtazama, kisha akaagiza niletewe chai.

Tumezeeka pamoja, lakini tangu siku ile siendi ukweni na kitu nisichoweza kukieleza kwa neno moja: sukari, mchele, basi.