Nyaguthii, Mama wa Baba Yangu

Miezi minne iliyopita nilipanda ngazi za ploti moja ya nyumba za kupanga huku Ruiru, karibu na Kamakis, nimebeba sufuria ya njahi, yale maharage meusi ya kwetu, nimeifunga kwa leso, na kila ghorofa nilisimama nikijifanya naangalia nguo za watu zilizoanikwa. Ukweli ni kwamba magoti yamekataa, lakini mama mkwe haingii kwa mkwewe akihema. Mwanangu wa pekee alikuwa amepata mtoto, msichana, na wewe unajua habari ya njahi na mama aliyejifungua: hata awe amesoma mpaka wapi, njahi atakula. Moshi wa nyama choma ulikuwa unapanda kutoka barabarani mpaka kwenye kitanda cha mtoto. Nikamchukua, nikamtazama kidevu na vidole, nikasubiri niambiwe anaitwa nani.

Sikuambiwa. Mwanangu aliinamia simu yake. Mkwe wangu, msichana mzuri ambaye sina ubaya naye, akasema, "Mum, bado tunafikiria." Kwa watu wengine hilo ni jibu la kawaida. Kwetu hakuna cha kufikiria, kwa sababu jina la binti wa kwanza huwa limeshapangwa hata kabla wazazi wake hawajajuana. Ni la mama ya baba. Binti wa pili ni wa mama ya mama, kisha wanafuata mashangazi. Sasa mama ya baba ni mimi, jina langu ni Nyaguthii, na simjui mwingine aliye hai. Mtoto yule asipoitwa hivyo, siku nitakayozikwa mimi nalo litazikwa.

Wacha nikupeleke Thika kidogo, ndiyo uelewe kwa nini nilikaa pale nimebana magoti kama mtu anayesubiri majibu ya daktari.

Nimelelewa ukingoni mwa shamba kubwa la kahawa, ng'ambo ya mto kutoka mjini. Sisi tulikuwa na kipande chetu kidogo: nyumba ya baba mbele, nyumba ya cucu nyuma, yaani nyanya yangu mzaa baba, ambaye nimepewa jina lake, na katikati jiko la moshi lililotumiwa na wote. Msimu wa kuchuma ukifika, maganda ya kahawa yalioza kando ya mto yakatoa harufu tamu inayokaribia kutapisha, na harufu hiyo iliingia kwenye nguo, kwenye chai, kwenye mto wa kulalia. Leo nikiisikia hata kwa mbali, nasikia njaa. Tulikuwa tukitoka shule tunakimbilia mistari ya kahawa kuwasaidia akina mama, na jioni wanamwaga matunda juu ya magunia, wanakaa chini kuondoa mabichi yaliyochanganyika na mekundu, huku wakiimba nyimbo za kanisa na kusengenya padre kwa zamu.

Hapo ndipo nilipojua kwamba mimi si mtoto wa kawaida. Nilikuwa kitoto chembamba, pua inachuruzika, lakini nikifika tu kwenye magunia wale akina mama wazee walisogea. "Nyaguthii amekuja, mpeeni nafasi." Nilipewa chai kabla ya watu wazima, kwa kikombe kikubwa. Mmoja wao, jirani yetu mzee aliyekuwa rafiki wa cucu tangu usichana, alikuwa akinilalamikia kabisa juu ya mambo waliyofanyiana kabla baba yangu hajazaliwa. "Ulinichukulia kisu changu na hukurudisha," ananiambia, amenikazia macho. Nami naitikia kwa kichwa. Cucu mwenyewe anacheka mpaka anashika mbavu. Lakini hakuna aliyeona ni mchezo tu. Kwao mtu na anayeitwa jina lake ni mtu mmoja aliyekaa mahali pawili.

Na baba! Baba alikuwa dereva wa lori la shamba, mwanaume mkubwa mwenye sauti ya kuamsha mbwa. Kaka zangu walionja mshipi wake. Mimi hakunigusa, na si kwa sababu nilikuwa mzuri. Alikuwa akiniita Maitu, mama yangu, na nani anampiga mama yake? Akirudi kazini alinisalimia mimi kwanza, ameinamisha kichwa kidogo, halafu ndiyo anavua viatu. Nilikuwa naogopa salamu hiyo na kuingojea siku nzima.

Shuleni nako jina lilinifuata. Wanjiru walikuwa wengi mpaka mwalimu akawagawanya: Wanjiru wa dirishani, Wanjiru wa mlangoni, Wanjiru wa kutoroka. Akina Wambui nao hivyohivyo, akina Njeri usiseme. Akifika kwangu mwalimu alikuwa anasita, anainua macho. "Nyaguthii. Hili jina mlilitoa wapi?" Nikamwuliza cucu.

Aliniambia tukiwa tumeinamia mti mmoja wa kahawa, yeye upande ule mimi upande huu, nikaona mikono yake tu ikichuma. Alisema wa kwanza kuitwa hivyo hakupewa na wazazi. Alikuwa na jina lake jingine, na hilo jingine hakuna anayelikumbuka. Ikaja njaa, watu wakala mpaka ngozi za kulalia. Mwanamke huyo akachukua kiondo, akafunga mtoto mgongoni, akateremka kwenye nchi kavu ya chini kutafuta nafaka kwa watu asiojua lugha yao. Walimlilia kama maiti. Akarudi na mtama. Wakala, ukaisha, akaenda tena. Kwetu kwenda ni gũthiĩ, basi watu wakawa wanasema, yule wa kwenda, yule wa kwenda, mpaka likawa ndilo jina. Wajukuu wakaitwa hilo.

"Na mbona ni sisi tu?" nikauliza.

"Wanaogopa," akasema. "Msichana wa kwenda, atakaa kwa bwana kweli? Mama mkwe wangu aliposikia naitwa hivyo alikaa siku nyingi akiangalia kama nimefunga mizigo." Akacheka. "Na mimi Mungu alinipa kijana mmoja tu. Wewe ndiye nafasi niliyopata."

Nilisimama pale na tunda jekundu mkononi. Mwanamke aliyekufa zamani, ambaye hata jina lake la kweli limepotea, alikuwa amefika kwangu kwa miguu. Nimesoma vitabu vingi tangu siku hiyo, lakini sijawahi kustaajabu tena kama nilivyostaajabu kwenye mstari ule wa kahawa.

Sasa ngoja nikwambie jambo ambalo mwanangu hakuwahi kulisikia.

Cucu alikuwa na miti yake michache ya kahawa kwenye kipande chetu. Aliipanda mwenyewe, akiwa bado mjane kijana. Baba alitaka nyasi za ng'ombe. Walibishana msimu mzima, kisha siku moja cucu alipokuwa kanisani baba akaing'oa yote. Cucu alirudi, akaangalia mashimo, akaingia jikoni akapika. Lakini kwa baba hakufungua mdomo tena. Walikuwa wakikaa hatua chache, na maneno yanapitia kwangu. "Mwambie mwanangu chumvi imeisha." "Maitu, mwambie mama chumvi nitaleta." Ilikuwa inachekesha, na sote tulidhani itaisha Krismasi.

Haikufika Krismasi. Cucu alianguka asubuhi moja akichota maji, akawa amekwisha kabla ya jirani kumgeuza uso.

Baba hakulia. Tulimzika, watu wakaondoka, na yeye akawa kama lori lililozimika mlimani. Sahani inawekwa mbele yake na kutolewa ilivyo. Kitandani alikuwa akikaa tu. Mama aliogopa, kaka zangu wakaogopa, na padre aliyekuja kumwombea aliondoka bila kumpata hata amina. Ndipo yule jirani mzee, rafiki wa cucu, alipoingia uani na fimbo yake, akasimama mbele ya baba.

"Wewe unaumia kwamba mama yako amekwenda kabla hamjaongea," akamwambia. "Na huyu ni nani?" Akaninyooshea fimbo. "Si ndiye huyu anamenya viazi? Nenda useme naye, mimi nimechoka kukuona hivyo."

Nilikuwa kwenye kigoda kando ya jiko. Nilikuwa sijafika hata umri wa kwenda sokoni peke yangu. Baba alinyanyuka akaja, akavua kofia, akakaa chini kwenye vumbi, chini kuliko mimi. Mama akaziba mdomo kwa kanga. Nilitaka kukimbia, lakini jirani alikuwa ananiangalia kwa yale macho ya kwenye magunia.

"Maitu," baba akasema. "Nilikosea. Nisamehe."

Nitakwambia kweli, sikujua msamaha unatolewaje. Sikuwa nimefundishwa neno lolote. Nilimwona tu mashavu yameingia ndani, na mdomo wangu ukasema kile cucu alichokuwa akimwuliza kila jioni, kabla ya ugomvi wao.

"Umekula?"

Basi, mtu yule mkubwa akalia. Akalia mpaka kuku wakakimbia. Kisha akasema, "Bado, Maitu," nikampakulia viazi vilivyokuwa vimeiva jikoni, akala sufuria nzima, akalala palepale kivulini mchana mweupe, na jirani akatufukuza sote tusimwamshe.

Haya ndiyo niliyomweleza mkwe wangu pale Ruiru, njahi ikipoa. Hakunikatiza. Nilipomaliza, mwanangu alikuwa amegeukia dirisha. Mkwe wangu akajifuta macho, lakini yeye si mtu wa kushindwa na machozi.

"Mum, hiyo ni story ya kushtua," akasema. "Lakini ona, wewe ulikuwa mtoto mdogo. Kuombwa msamaha na mzazi wako? Mimi naogopa kumpea huyu mzigo wa watu wazima. Nataka awe mtoto tu."

Lilikuwa neno la haki, na sikulitegemea. Nikamjibu nilivyojisikia. "Sikuona mzigo, mami. Siku ile nilijua niko na watu wengi ndani yangu. Lakini wewe ndiye mama yake. Ukimpa jingine, nitampenda kwa hilo jingine." Nikaaga, na nikalia kwenye ngazi, magoti yakiwa yamesahaulika.

Simu yao ilikuja Jumapili iliyofuata. Wamempa jina langu. Mwanangu aliniambia kwa haraka, kama mtu anayeogopa sauti yake.

Wiki hii nilirudi tena; mtoto ameshajua kucheka. Magunia yale hayapo tena, rafiki yangu. Shamba letu la Thika limekatwa ploti, mahali pa mistari ya kahawa pana mageti na mbwa, na wale akina mama waliojua namna ya kumsogelea mtoto kwa heshima wamelala wote. Hakuna atakayemdai mjukuu wangu kisu. Nilikuwa nimekaa naye mapajani nikiwaza hayo, mkwe wangu akainama kumchukua, mtoto akazikamata rasta zake kwa mkono mzima.

"Nyaguthii! Wacha kunivuta nywele, wewe! Mtoto mtundu huyu!"

Nilishtuka. Mama yangu mzazi, akitaka kunigombeza, alikuwa anatumia jina la ubatizo. Hata yeye hakuthubutu. Maisha yangu yote sijawahi kusikia mtu akilikaripia jina lile. Mtoto akacheka, hana meno, akavuta tena. Nikatamani kumwambia mkwe wangu ashushe sauti, kisha nikakumbuka alivyosema, awe mtoto tu, nikakaa nikisikiliza akikaripiwa.