Unga Niliomwaga Mbele ya Kibao

Nimewahi kupiga magoti katikati ya uwanja, nimevaa sare ya mwamuzi, nikalamba unga wa sembe kutoka chini kwenye udongo huku watu wazima na akili zao wananitazama.

Na bado hawakuniamini.

Tulieni niwasimulie, maana kila nikisimulia kwa mdomo watu wanacheka kabla sijafika pale panapouma.

Naitwa Hanifa. Nakaa Iyunga, Mbeya, nina duka la vyombo vya plastiki karibu na barabara kuu. Babu yangu alitoka Kilwa na biashara zake, akaoa huku, akazikwa huku. Bahari mimi nimeiona kwenye kalenda tu, ila mtaani naitwa mtu wa Pwani mpaka leo.

Wikiendi ni mwamuzi wa softiboli ya wanawake.

Kwa wasioujua, ni mchezo wa rungu na mpira. Mrushaji anasimama kwenye kibao kilichochimbiwa katikati ya uwanja, anazungusha mkono na kurusha mpira kwa chini, na mpigaji anajaribu kuupiga. Akiukosa, mdakaji aliye nyuma yake anaudaka, na akikosa mitatu anatoka.

Kuna sheria moja ambayo wengi wanakwama hapo. Mguu wa nyuma wa mrushaji lazima uburuzwe chini mpaka mpira utoke mkononi. Akiuinua, akaruka, akaukanyaga upya mbele ya kibao ndipo arushe, hapo kajisogeza karibu na mpigaji kwa wizi. Huo ni mrusho haramu. Kwenye bonanza letu ukiitiwa mitatu unatoka, na siku hiyo hurushi tena.

Na mimi, nisiwafiche, ni mtu wa kushuku. Mteja akinisifia sana dukani, nahesabu vikombe. Mume wangu akisema yuko njiani, namuuliza njia ipi.

Sasa, Juni iliyopita timu ya mabinti wa Ipogolo, Iringa, ilikuja kucheza na mabinti wetu wa Iyunga. Siku hiyo alikuwepo Madamu Kalinga kutoka chuo kimoja, anatafuta mrushaji wa timu ya chuo. Mmoja tu. Atakayechukuliwa anasoma bure mpaka amalize.

Warushaji wenyewe walikuwa wawili.

Wa kwetu ni Nyamizi, binti wa Mzee Nkuba, wale Wasukuma walioshuka Usangu na ng'ombe wao na sasa wanalima mpunga. Wa Ipogolo ni Prisca, mwembamba, mpole, mama yake anauza vitunguu kando ya barabara. Wote wamemaliza form four na wote hawana wa kuwasomesha.

Ijumaa, kocha wetu, Mwalimu Zabron, akapita dukani kwangu. Akajifanya anaangalia ndoo. Akainama kama mtu anayeuliza bei.

"Dada Hanifa, yule binti wa Ipogolo anaruka. Mkazie macho."

Akaondoka bila kununua kitu.

Mtu kama mimi ukimwambia neno hilo, halali vizuri. Nikawaza, uwanja wetu wakati wa kiangazi ni mgumu kama saruji, mguu hauachi alama. Nikiwa nyuma ya mdakaji nitaona vumbi tu. Nitamkamataje?

Nikapata akili, au niseme nilidhani nimepata akili.

Asubuhi nikawahi uwanjani peke yangu, baridi la Mbeya linang'ata masikio, nimejitanda khanga mbili juu ya sare. Nikiwa na kilo moja ya sembe. Nikainyunyiza nyembamba mbele ya kibao, upana wa mkeka. Mguu ukiburuzwa utachora mfereji kwenye unga. Ukiruka utaacha nyayo, na katikati peupe.

Nikajipongeza kabisa. Nikasema leo mwizi atajiandika mwenyewe.

Sikumwambia mtu. Mtego ukitangazwa si mtego tena.

Wageni wakaingia. Nikaenda pembeni kuangalia Prisca akipasha misuli, jicho langu kwenye mguu wake. Aisee, mguu unaburuzwa vizuri mpaka raha. Mpira unatoka kwa chini, unapanda, unatua kwenye glovu ya mdakaji kwa mlio wa kofi. Madamu Kalinga alikuwa kasimama karibu, anatikisa kichwa taratibu kwa kuridhika.

Nikashuku zaidi. Nikasema huyu anajua anaangaliwa.

Mechi ikaanza. Nyamizi akarusha wa kwanza. Akaburuza mguu katikati ya unga bila wasiwasi, akachora mfereji ulionyooka. Safi, sikuwa na neno.

Zamu ya Prisca ikafika.

Akakaribia kibao, akasimama. Akaangalia chini kwa muda, kisha akageuka kumtazama kocha wake, Silvester, aliyekuwa benchi kakunja mikono. Silvester akamfanyia ishara ya kidole: ruka.

Mimi ile ishara niliiona kwa macho yangu haya.

Prisca akazungusha mkono, akaruka. Mguu ukapita juu ya unga wote, ukatua ng'ambo, ndipo mpira ukatoka. Ukaenda kombo kabisa, mdakaji akaukimbilia.

Nikanyoosha mkono wa kushoto pembeni, ngumi imefumbwa. Mrusho haramu. Upande wa Iyunga wakashangilia, na Mwalimu Zabron akanitazama kwa jicho la si-nilikwambia.

Raundi mbili zilizofuata alirusha kwa kusimama wima, mguu haondoi kwenye kibao. Mipira ikawa laini, mabinti wetu wakaipiga wanavyotaka. Alipotaka kuongeza nguvu, akaruka tena. Nikaita wa pili.

Madamu Kalinga akaacha kutikisa kichwa.

Hapo ndipo moyo wangu ukaanza kunisumbua. Mwizi huiba kinachomfaa. Huyu binti akiruka mpira unaharibika, asiporuka unakuwa mlaini, na pembeni kule asubuhi alikuwa anarusha kama mashine. Sasa anaiba ili apate nini?

Tukaenda mapumziko mafupi kabla ya raundi ya mwisho. Nikamwita Prisca na kocha wake pale kwenye kibao.

"Mwanangu, kwa nini unaruka?"

Akaangalia viatu vyake.

"Shikamoo mama. Nimeambiwa nisiguse hapo."

"Hapo wapi?"

Silvester ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini, ya mtu anayeongea na nyoka.

"Dada, tusifichane. Sisi tulifika mapema kuliko ulivyodhani. Tulikuwa tumekaa kule nyuma ya darasa tunakunywa chai. Tukakuona umejitanda khanga, unazunguka kibao, unamwaga kitu cheupe, na midomo inacheza."

Nikajishika mdomo.

Ni kweli midomo ilikuwa inacheza. Mimi hata chapati sichovyi kwenye chai bila bismillah. Halafu nilikuwa napima kwa hatua, nahesabu kwa sauti kama kawaida yangu.

Na nyie mnajua michezo yetu. Kuna timu zinaruka ukuta ziache geti lililo wazi, zikihofia kilichozikwa getini. Kuna makipa wanafukua goli kabla ya mechi. Sasa mtu wa Pwani, peke yake, alfajiri, unga mweupe. Hata mimi ningejishuku.

Nikawaeleza. Ni sembe, nimeweka ili nione mguu unavyoburuzwa, basi. Silvester akatabasamu kidogo, lile tabasamu la kumhurumia mwongo.

Hasira ikanipanda. Nikapiga magoti, nikachota unga na udongo wake, nikalamba. Nikameza.

"Umeona? Nimekufa?"

"Mwenye dawa haimdhuru dawa yake," Silvester akasema.

Nikaagiza ufagio, nikasema naufagia wote sasa hivi. Akanizuia. Akasema nikifagia ndiyo naisambaza uwanja mzima, na mabinti wake wako peku baadhi yao.

Mwenzangu Isihaka, mwamuzi wa besi, vile vituo ambavyo wapigaji hukimbilia, akaja kuuliza kuna nini. Akaniona mdomo mweupe. Akarudi kwenye besi yake bila kuuliza tena.

Nikamshika Prisca bega. Akajikunja, lakini hakunisukuma.

"Mwanangu, umebakiwa na nafasi moja. Ukiruka tena nitaita, sina namna. Buruza mguu kama ulivyoburuza asubuhi. Huo ni ugali tu huo."

Akaitikia ndiyo mama. Nikamwamini, na nadhani na yeye alitaka kuniamini.

Raundi ya mwisho. Mpigaji ni Nyamizi mwenyewe, rungu begani.

Prisca akasimama kwenye kibao, akafumba macho, akafumbua. Akazungusha mkono na kuburuza mguu ndani ya unga. Mpira ukapita chini ya mikono ya Nyamizi kabla hajajua umetoka. Madamu Kalinga akasogea mpaka kwenye mstari.

Wa pili vilevile. Nyamizi akapiga hewa.

Moyoni nilikuwa namwombea, na mwamuzi hatakiwi kumwombea mtu. Akirusha mmoja tu kama ile, Nyamizi anatoka, na chuo ni chake.

Prisca akashika mpira. Halafu akaangalia chini, akaona kiatu chake.

Kilikuwa cheupe chote.

Niliiona hofu ikimpanda kutoka mguuni mpaka usoni. Mkono ukaanza kuzunguka, mguu ukakataa kugusa chini. Akaruka.

Jamani, ningeweza kunyamaza. Ni mimi niliyesababisha. Lakini Nyamizi naye alikuwa amesimama pale, naye hana wa kumsomesha, na hajavunja sheria yoyote. Isihaka alikuwa ananitazama, na Madamu Kalinga pia.

Nikanyoosha mkono.

Prisca hakubisha. Akaweka mpira juu ya kibao, akatembea hadi nje ya mstari, akakaa, akavua viatu kwa kuvisukuma kwa vidole vya miguu ili asivishike. Akaondoka peku kwenye baridi lile. Viatu vikabaki pale.

Nyamizi akachukuliwa chuo.

Jioni ile nilimfuata Madamu Kalinga, nikamweleza kila kitu mpaka machozi yakanitoka. Akanisikiliza kwa heshima. Akasema nafasi ni moja na ameshampa mtu, ila ananipongeza, nimesimamia sheria vizuri. Pongezi ile sijui niiweke wapi mpaka leo.

Nikamtafuta na Mwalimu Zabron. Nikamuuliza ni wapi alimwona Prisca akiruka.

Akacheka. "Sijawahi kumwona akirusha hata siku moja. Nilikuwa nawahi tu, dada, jicho lako liwe kwao, usije ukatuonea sisi."

Nilidhani hapo nimefika mwisho wa maumivu. Kumbe bado.

Wiki iliyofuata Mzee Nkuba akaja dukani kutoka Usangu. Kabeba kiroba cha mchele na jogoo kafungwa miguu. Akavua kofia, akanishukuru kwa Kisukuma, wabeja, wabeja sana mayo, yaani asante sana mama. Nikamwambia baba, binti yako kashinda mwenyewe, mimi ni mwamuzi tu.

Akatazama huku na huku, akasogea karibu na kaunta.

"Naelewa, mama. Mambo haya hayasemwi. Hata sisi tulikuona asubuhi ile. Nikamwambia binti yangu, buruza mguu humo humo usiogope, hiyo ni ya kwetu."

Niliketi chini kwenye ndoo zangu.

Kumbe uwanja mzima walijua. Wenyeji walijua, wageni walijua, kila mtu na upande wake. Mimi peke yangu, niliyejifanya mjanja wa kushuku watu, ndiye sikujua kwamba siku ile aliyeshukiwa ni mimi.

Jogoo nilimrudishia. Mchele aliuacha mlangoni, nikaupeleka msikitini.

Mwezi uliofuata nikapanda basi kwenda Ipogolo na vile viatu. Nilikuwa nimevifua kwa sabuni mpaka soli, nikavianika juani. Nikamkuta Prisca pembeni ya barabara kuu, yuko kwenye vitunguu badala ya mama yake. Aliniona nikishuka.

Akanisalimia vizuri, akanipa kigoda nikae, akauliza habari za nyumbani. Binti kalelewa yule. Nikamwomba msamaha, nikamweleza tena habari ya sembe. Akaitikia kila neno, ndiyo mama, ndiyo mama.

Nikamwambia mwakani chuo kitatafuta tena, nitampigia simu mimi mwenyewe. Akasema ahsante, ila ameacha kucheza.

Nikamnyooshea viatu.

Akaficha mikono ndani ya khanga.

"Weka tu hapo chini, mama."

Nikaweka. Tukakaa, tukaongea habari za bei ya vitunguu. Basi la kurudi likaja, nikapanda, nikachungulia dirishani. Viatu vilikuwa palepale nilipoviweka, na yeye amehamisha kigoda chake upande wa pili.

Siku hizi kabla ya mechi nawaita manahodha wote wawili, tunatia alama za uwanja pamoja, mchana kweupe. Nikimshuku mrushaji namwita mbele ya kocha wake na kumwambia kwamba nasikia unaruka, hebu rusha nione. Inachukua dakika moja.

Dakika ile moja ningempa Prisca asubuhi ile, leo angekuwa darasani.

Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo. Kushuku si dhambi, ndugu zangu, mimi bado nashuku. Ila ukimshuku mtu, muulize. Usimtegee kimyakimya, maana na yeye yuko mahali anakutazama, na hajui kama unachomwaga ni unga.