Nilipima Maziwa Yangu na Dawa ya Ng'ombe

Mucheke tu. Bwana yangu alienda Kinshasa, hajaandika hata barua moja, na hapa Bukavu sina mama wala dada. Siku tatu mutoto wangu alikataa ziwa la kushoto. Ningeuliza nani?

Kazi yangu ni kupima maziwa ya wafugaji. Ninayachanganya na dawa katika sahani ya vikombe vine, kikombe kimoja kwa kila chuchu. Yakivutika kama ute, ng'ombe iko na ugonjwa kwenye kiwele, hata kama kwa macho iko muzima.

Basi asubuhi, pale kazini, mimi mujinga nikakamua yangu katika vikombe viwili, kushoto na kulia, nikatia dawa. Ya kushoto yakawa ute.

Docteur wa mifugo akaingia, akashika sahani.

"Citoyenne, hii ya nani?"

"Ya ng'ombe ya Maman Furaha," nikadanganya.

Kumbe Maman Furaha, mufugaji, alikuwa mulangoni na bidon yake ya maziwa. "Yangu? Bidon yangu hata sijaifungua."

Docteur akaangalia vikombe. "Ng'ombe gani iko na chuchu mbili?"

Hapo nikaona blauzi yangu bado iko wazi.

"Iko mbele yako, docteur," nikasema kwa hasira. "Sasa niambie, mutoto anyonye wapi?"