Nilikuwa najificha baba mkwe akipita, leo nasikia hatua zake uani kwangu

Ndaga admini, asante, naomba unifiche jina maana hapa Kisondela nikikohoa tu wanajua ni mimi. Nina miaka arobaini na nane, darasa la tatu sikumaliza, ila mdomo nimejaliwa! Habari ya mtu hainipiti.

Mume wangu hanywi pombe. Ila akaanza kuyumba, mkungu wa ndizi unamponyoka, maneno yanamvutika. Jirani ananitania, "Mama, leo baba kabakiza pombe ya kimpumu kilabuni kweli?" Namjibu, "Ingebaki si ningeifuata mwenyewe!" Tunacheka. Wazee wa kanisa hawakucheka, wakamtenga Meza ya Bwana. Alilia jamani, mwanaume mzima. Ndo nikampakia bodaboda mpaka hospitali Tukuyu, wakatutuma Mbeya.

Daktari akamwambia gusa pua yako, sasa gusa kidole changu. Mkono ukapotea hewani. Akapigwa picha ya kichwa pia. Daktari akasema, "Mama, ubongo wa huku kisogoni, unaoshika mwili usiyumbe, unasinyaa. Dawa ya kuponya hatuna. Unaweza kuwa wa ukoo, hata watoto wakaurithi. Baba yake alitembeaje?"

Mume wangu akajibu, "Baba alikuwa mlevi tu." Mimi ninayejua mpaka kuku wa jirani anatagia wapi, mwendo wa mzee siujui! Sisi Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe. Akija naingia migombani, kanga usoni, mpaka apite. Tumemzika sijawahi kuona miguu yake. Ila nilikuwa naisikia. Ti... kimya... ti-ti. Hata asubuhi, kilabu hakijafunguliwa. Mzee wa watu hakuwa amelewa.

Sasa binti yetu kaposwa. Wakwe wanakuja mwezi huu, na kwetu lazima waulize ukoo una ugonjwa gani. Binti hajui kitu, anaimba tu anafua mapazia.

Juzi nilikuwa jikoni nachochea moto, mlango nimeupa mgongo. Nikasikia mtu anakuja uani. Ti... kimya... ti-ti. Mikono yenyewe ikavuta kanga ikanifunika uso.

"Mama, unamkimbia nani?" Binti yangu, na ndoo ya maji, nusu imemwagikia sketi. Akacheka. Na mimi nikacheka, moshi ukanisaidia kuficha machozi.

Nikisema, ndoa inakufa na mwanangu ataanza kuhesabu kila anapojikwaa. Nikinyamaza, namdanganya mwanangu na mtoto wa watu anayemuoa. Sijawahi kulala na neno tumboni, hili linaniua. Ndugu zangu, nianze kumwambia nani, au nisimwambie mtu?