Hewa ya Kakamega

Miaka ile ya mwanzo ya Uhuru nilikuwa kidato cha nne katika shule moja ya wasichana, Kakamega. Mwalimu wetu wa kemia, Mzungu, alikuwa amerudi kwao, na mahali pake akaja kijana wa Khwisero aliyetoka chuo kikuu juzijuzi, tai bado inamsumbua shingoni. Ndiye aliyetufundisha kanuni ya gesi: ukijua mgandamizo, ujazo na joto la gesi, unaweza kukokotoa kiasi chake.

Ubaoni hesabu zilikubali. Maabarani zikakataa. Tulitia utepe wa magnesiamu ndani ya asidi, haidrojeni iliyotoka tukaikinga katika chupa ya maji iliyopinduliwa, tukapiga hesabu. Kila mara gesi ilizidi ile ambayo utepe ungeweza kutoa. Mwenzangu wa meza moja akasema labda sisi turudi tu kwenye somo la upishi. Niliudhika, maana nyumbani nilishasema nitasomea udaktari.

Nikamwuliza mwalimu ile namba ya mgandamizo wa hewa tuliyotumia ilitoka wapi.

"Kitabuni," akasema. Akakifunua, akausoma tena ule ukurasa. "Lakini ni ya usawa wa bahari."

Sisi tuko juu sana kuliko bahari, na hewa yetu ni nyepesi, mgandamizo wake mdogo. Ukutani ilining'inia barometa, kipimo cha mgandamizo wa hewa, ambayo yule mwalimu wa kwanza alituambia imeharibika, kwa kuwa zebaki yake haikupanda hadi pale kitabu kiliposema. Huyu mpya hakutaka kubahatisha. Alijaza zebaki kwenye mrija mrefu wa kioo, akaupindua ndani ya bakuli, nasi tukaitazama ikishuka. Ilitua usawa uleule wa ile ya ukutani.

"Haijaharibika," akasema. "Inapima hewa ya hapa."

Tukarudia hesabu kwa namba yetu, tukaondoa na sehemu ya mvuke wa maji, na safari hii jibu lilikaribia kabisa. Mwenzangu aliipiga tena peke yake, kisha akanigusa kwa kiwiko, akicheka.

Mtihani tulifaulu sote wawili. Yeye alikwenda kufundisha kemia Lugari; mimi, baada ya kidato cha sita, nikapata nafasi ya udaktari chuo kikuu. Nilipompelekea mama habari hizo alikuwa akipukuchua mahindi. Alinisikiliza hadi mwisho, akafuta mikono kwenye leso, akauliza kama huko chuoni kuna baridi, ili aanze kunifumia sweta.