Marahaba ya Wakili Theopista

Wakili Theopista ana miaka ishirini na mbili katika kazi ambayo hata mama yake mzazi, kule Ushirombo, alikufa bila kuielewa. Ghala likiungua, kampuni ya bima inamlipa mwenye mali. Akishalipwa, Theopista anatumwa amtafute aliyesababisha moto na kumdai kwa niaba ya bima, kana kwamba bima ndiyo iliyounguliwa. Amezunguka na kazi hiyo kutoka Shinyanga mpaka Geita, kwenye viwanda vya pamba, maghala, mitambo ya migodini. Wenzake humtania, "Theo, wewe unafika matanga yakishaanuliwa." Naye hucheka. Kesi alizoshindwa hazimsumbui. Inayomsumbua ni moja aliyoshinda.

Kiwanda cha mpunga cha Masudi, pale Kagongwa, kiliungua Jumamosi mchana. Mashine nne na ghala zima vikawa jivu. Asubuhi ile fundi Agapiti alikuwa amechomelea ngazi ya chuma humo ndani. Pumba za mpunga zina tabia yake: cheche ikidondoka haiwaki palepale, inajificha, inatafuna chini kwa chini kwa muda wa saa tatu au nne, ndipo unaona moshi. Theopista alilijua hilo. Ila kujua si kuthibitisha, na siku hiyohiyo mafundi wa umeme nao walikuwa wameingia humo.

Wiki ya tatu alikuwa uani kwa Masudi, ameketi mkekani na wanawake wa nyumba ile, khanga mabegani kwa baridi ya asubuhi, anasubiri aletewe karatasi za mashine. Agapiti akaingia na baba yake mdogo, wanavuta mbuzi.

"Mwangaluka," mzee alisalimia.

Agapiti alipita kwa mmoja mmoja. Alipofika kwa Theopista akainama. "Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

Kijana alimdhani shangazi wa mwenye nyumba. Theopista aliliona hilo machoni pake. Alitakiwa kusema jambo moja tu, kwamba yeye ni wakili wa bima. Akanyamaza.

Agapiti akapiga magoti mbele ya Masudi, aliyekuwa ametoka ndani na karatasi. "Kaka Masudi, zile cheche ni zangu. Nilipomaliza sikumwagia maji zile pumba, nilikuwa nawahi kazi nyingine Isaka. Ningeweza kukaa kimya, lakini silali."

Masudi akamwinua. "Basi, fundi. Bima wamenilipa. Mfungeni mbuzi pale, mchana tule."

Mchana wakala nyama. Theopista naye akala.

Jioni alimtaka Masudi aandike aliyoyasikia.

"Mama wakili, yule alikuja kwangu kama ndugu. Nimeshamsamehe."

"Umeshalipwa, Masudi. Haki ya kumdai si yako tena, ni ya kampuni. Na mkataba unasema utatusaidia."

"Na nyama yake uliyokula?"

Theopista akamsogezea kalamu. Masudi akaandika, mkono mzito.

Alishinda. Wakubwa wa kampuni walimpigia simu kumpongeza. Karakana ya Agapiti ikapigwa mnada, kiwanja, mashine, mpaka mageti aliyokuwa hajayamaliza. Mafundi wake saba wakatawanyika.

Mwaka jana bohari liliungua Bulyanhulu, kazi ikampeleka huko. Akamuulizia fundi, akaelekezwa. Agapiti alikuwa chini ya turubai, anachomelea karasha la wachimbaji wadogo, lile la kusagia mawe, kwa mashine ya kukodi. Akazima, akavua miwani.

"Karibu, mama wakili."

"Agapiti, nimekuja kwa ajili ya siku ile. Nilikaa pale, sikusema mimi ni nani."

"Ndiyo."

"Nilijua unanidhani ndugu yao."

"Na mimi baadaye nilijua kuwa ulijua." Akakisukuma kipande cha chuma kwa mguu. "Mke wangu mpaka leo ananisema, eti nani alinituma. Kule Kagongwa siku hizi fundi akiunguza, anahama. Haji mtu kusema nimekosa."

"Nisamehe, baba."

Agapiti akaipangusa miwani kwa shati.

"Ungejitaja tu, mama. Ningesema vilevile. Nilikuwa nimekuja kusema."

Theopista akangoja aongeze neno. Agapiti akavaa miwani yake. Mteja alikuwa amesimama na pikipiki iliyokatika fremu, kwa hiyo Theopista akaaga, akarudi kwenye bohari lililoungua, ambako watu walikuwa wanamsubiri aanze kuwahoji.