Asubuhi Injini ya Nyanya Ilipokataa Kuwaka

Juzi nilishuka Kamere, kando ya ziwa, kununua samaki, nikamkuta kijana mmoja ufuoni akivuta kamba ya injini ya boti kana kwamba anagombana nayo. Harufu ya petroli ilinifikia nikiwa bado mbali. "Imekunywa mafuta mengi, boss," nikamwambia. "Fungua plagi kwanza." Akanitazama kuanzia viatu hadi kilemba. "Mathe, kwani unajua mambo ya injini?" Baada ya dakika kumi ilikuwa inanguruma, naye ananiita fundi.

Acha nikuambie nilikojifunzia, rafiki yangu.

Nililelewa na nyanya yangu papo hapo Kamere. Babu alitoka magharibi mwa nchi kuja kufanya kazi kwenye shamba la maua, akaishia kuvua samaki. Alipofariki, alimwachia nyanya boti moja na injini kuukuu iliyonizidi umri. Majirani walimshauri aiuze. Yeye akajifunza kuifungua na kuifunga, spana zake zikikaa kapu moja na miiko. Kabla ya shule nilimchujia petroli kwa kitambaa, huku chai ya maziwa ikichemka na viboko wakikoroma kwenye matete.

Mwaka wangu wa darasa la nane, ziwa lilifura likameza barabara, na shule ya kufanyia mtihani ilikuwa ng'ambo ya maji. Asubuhi ya karatasi ya kwanza tulikuwa wanafunzi sita ndani ya boti ya nyanya, penseli mkononi. Jirani yetu mvuvi akajitolea kuwasha. Akavuta choki, kile kishikio cha kuzidisha petroli, hadi mwisho, akavuta kamba. Akavuta tena na tena mpaka shati likalowa jasho. Injini ikakohoa mara moja, ikanyamaza.

"Nyanya, hii kitu imekufa," akasema.

"Ikufe aje, na jana imetuletea samaki?"

Msichana mmoja akaanza kulia. Nilishajiona nikirudia darasa.

Nyanya hakupandisha sauti. Alikuwa na msemo wake: injini haikatai bure, lakini ukiipigia kelele hutasikia inachosema. Akainama, akanusa. Akagusa skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tangi, ilikuwa wazi. Akabonyeza mpira wa petroli. Ulikuwa mgumu, maana yake mafuta yamefika. Ndipo akafungua plagi, kile chuma kidogo kinachotoa cheche. Ilitoka imelowa chepechepe, nyeusi tii.

"Umeinywesha mpaka imelewa," akamwambia jirani.

Akaikausha kwa leso, akaikwangua ncha kwa ubavu wa kibiriti, kisha akapanda nayo jikoni kwetu kuipasha moto juu ya makaa. Mimi aliniachia kazi: nirudishe choki, nivute kamba tundu la plagi likiwa wazi, petroli iliyozidi itoke. Nikavuta nikiwa na sare ya shule, matone yakinirukia mikononi. Aliporudi alikuwa anatembea tu, wala hakukimbia. Akaifunga plagi.

"Sasa vuta, mama," akaniambia.

Mara ya kwanza, moshi. Mara ya pili ikanguruma, na sisi sote tukapiga makelele.

Mwalimu alitungoja ng'ambo ndani ya maji, suruali imekunjwa hadi magotini, viatu vinaning'inia shingoni. "Kimbieni! Bado dakika tano!" Nilipogeuka kumuaga nyanya, alikuwa ameshageuza boti. Hakuthubutu kuizima.

Niliandika mtihani vidole vikinuka petroli. Sikuwa wa kwanza, lakini nilipita, nikaingia sekondari, na leo ni muuguzi Nakuru. Mgonjwa anapoletwa na kila mtu anapiga kelele, mimi huanza kwa kuinama na kusikiliza.

Jiko letu sasa liko chini ya ziwa. Mtihani ule wa darasa la nane nao umefutwa nchini, na nyanya tulimzika kwao magharibi. Namshukuru Mungu kwamba niliwahi kumwambia asante akiwa hai. Nilimsimulia ile asubuhi yote, tangu machozi ya yule msichana hadi viatu vya mwalimu. Akanisikiliza hadi mwisho, akacheka, akasema haikumbuki. Kwake, injini ilikuwa ikikataa kila wiki.